Je, wajua kwa nini taa za ziada kwenye gari la zamani hazifungwi bila rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme?

Mjomba alikuwa na Peugeot 504 yenye taa mbili za ziada mbele ya shoo. Aliyezifunga alivuta waya kutoka kwenye swichi ya dashibodi moja kwa moja hadi kwenye taa. Usiku mmoja tukiwa safarini, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa ndani ya gari. Nilipoigusa ile swichi ilinichoma kidole. Na taa zenyewe, pamoja na moto wote ule, zilikuwa na mwanga wa manjano kama karabai inayoishiwa upepo.

Swichi kuungua na taa kufifia ni ugonjwa mmoja.

Hebu tupige hesabu. Balbu mbili za wati 55 ni wati 110. Gawanya kwa volti 12, unapata ampea 9 na ushee. Umeme huo wote ulikuwa unatoka kwenye betri, unaingia ndani ya gari, unapita kwenye ncha mbili ndogo za swichi, kisha unarudi tena mbele kwenye taa, mita kadhaa za waya mwembamba wa miaka mingi. Kila kiungo chenye kutu kinakula chake. Tuseme volti 1.2 zinapotea njiani: zizidishe kwa ampea 9, ni karibu wati 11 za joto linalobaki ndani ya waya na swichi. Ile harufu ilitoka hapo.

Upande wa taa hasara ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Balbu ya uzi haipunguzi mwanga sawasawa na volti. Volti ikishuka asilimia 10, mwanga unashuka karibu asilimia 30. Tena uzi wa balbu ukiwa baridi unapitisha umeme mwingi mno, kwa hiyo mara tu unapowasha, swichi inapigwa na ampea nyingi kuliko hizo 9. Ncha zake zinatoa cheche, zinaungua na kuwa nyeusi, na zikiwa nyeusi zinazidi kupata moto.

Rilei inaondoa mzigo huo kwenye swichi. Ndani yake kuna koili ya waya mwembamba iliyozungushwa kwenye chuma. Ikipata umeme kidogo, karibu ampea 0.15, chuma kinakuwa sumaku, kinavuta kibati, na ncha nene zinagusana: tik! Umeme wa taa sasa unatoka betri hadi taa kwa njia fupi, chini ya boneti, na swichi imebaki kutoa amri tu. Wazo lenyewe ni la karne ya 19, kwenye telegrafu, mtambo wa kutuma ujumbe kwa waya: ishara iliyodhoofika kwa umbali ilitosha kuamsha sumaku iliyofungua njia ya betri nyingine.

Pini za rilei zina namba zinazofuata kanuni ya Kijerumani, DIN 72552, ndiyo maana utazikuta kwenye magari ya kila aina. Namba 30 inatoka betri, 87 inakwenda kwenye taa, 85 inakwenda bodi, yaani chuma cha gari kinachorudisha umeme kwenye betri (kwangua rangi kwanza, tafadhali), na 86 inapokea amri ya swichi. Rilei za zamani za Lucas, kampuni ya Kiingereza ya vifaa vya umeme vya magari, zimeandikwa C1, C2, W1 na W2: za C ni ncha, za W ni koili.

Fyuzi ya ampea 15 ikae karibu kabisa na betri. Watu hudhani fyuzi inalinda taa, kumbe inalinda waya. Kipande cha waya kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikikwaruzwa na bodi, kinawaka moto. Kifanye kifupi.

Umeme wa kuilisha swichi uchukue kwenye waya wa fulu, yaani taa kubwa za kumulika mbali. Hapo ukipiga dipu kumpisha mwenzako, taa za ziada zinazima zenyewe.

Lakini rilei haiongezi umeme. Dainamo ya Lucas C40, iliyofungwa kwenye magari mengi ya Kiingereza ya miaka ya 1960, ina kiwango cha ampea 22. Fulu zinakula kama 10, za ziada 9, koili ya injini 3 au 4. Imekwisha, na wiper bado hazijawashwa.

Taa zikigoma, zima injini, washa fulu na swichi ya taa za ziada, kisha sikiliza chini ya boneti. Ukisikia tik na taa haziwaki, tafuta kwenye 30, 87, fyuzi na bodi ya taa zenyewe. Kukiwa kimya, anza na 85 na 86. Ile 504 ilipofungwa rilei, mita ilinionyesha kwenye balbu volti karibu sawa na za betri, na swichi ikawa baridi mkononi.