Tredegar haikugawiwa tiba

Juzi tena, kwenye semina, mzungumzaji kasimama akasema huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, NHS, ni zawadi ambayo serikali iliwapa wananchi wake mwaka 1948. Ukumbi mzima ukatikisa vichwa kukubali. Mimi nafundisha historia ya vyama vya wafanyakazi, na kauli hii imenichosha. Twende Tredegar.

Mji huu uko kusini mwa Wales. Ulianza na tanuri za chuma mwaka 1800, kisha makaa ya mawe yakatawala. Hayo yameandikwa sana. Mimi nataka tuzitazame peni 3.

Mchimba makaa alikatwa peni 3 katika kila pauni ya mshahara. Pauni ya zamani ilikuwa na peni 240, basi alitoa fungu moja katika mafungu 80 ya jasho lake. Fedha hizo ziliingia katika chama cha tiba cha wafanyakazi wa Tredegar, kilichoundwa mwaka 1890. Na hapa naomba msikimbie: daktari aliajiriwa na chama. Kwingi katika mabonde yale makato yalikuwa ya wafanyakazi, lakini kampuni ndiyo iliyochagua daktari. Tredegar, aliyetoka shimoni na vumbi kwenye kope aliweza kukaa kwenye kamati inayomhoji daktari na kumlipa. Sadaka haiko hivyo. Anayepewa sadaka hamhoji mtoaji.

Halafu familia. Sheria ya bima ya taifa ya Uingereza ya mwaka 1911 ilimpatia matibabu ya daktari mfanyakazi peke yake. Mkewe na wanawe hawakumo. Chama cha Tredegar kiliwatibu wote. Mama aliyebeba mtoto mwenye homa alikwenda kwa daktari aliyekwisha kulipwa, bila kuhesabu kwanza sarafu za mkate. Chama kilikuwa na daktari wa upasuaji, wafamasia, hata daktari wa meno.

Aneurin Bevan alizaliwa katika mji huo mwaka 1897, akaingia mgodini akiwa na miaka 13, akashiriki katika kamati ya hospitali ya hapo. Mwaka 1945 akawa waziri wa afya. NHS ikaanza chini yake tarehe 5 Julai 1948.

Lakini wenzangu wanaosema NHS ni Tredegar iliyokuzwa nao wananipa shaka. Chama kilisimama juu ya michango ya wanachama. NHS ilisimama zaidi juu ya kodi, ikamhudumia kila mkazi awe mwanachama wa chochote au asiwe, na hospitali zikawa mali ya serikali. Ripoti ya Beveridge ya mwaka 1942, iliyopendekeza bima ya jamii kwa wote, na hospitali ambazo serikali ilizisimamia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia nazo zilichangia. Bevan, naona, alichukua lengo la Tredegar na kuacha muundo wake. Aliyekuwa nje ya uanachama alipata mengi. Mchimba makaa naye alipoteza kiti chake mbele ya daktari anayeomba kazi, na hasara hiyo naiona kubwa kuliko vitabu vingi vinavyokiri.