Botoneki ni nini unapochagua vipuri vya kompyuta ya gemu kwa pesa kidogo

Botoneki ni pale kipuri kimoja ndani ya kompyuta kinapokuwa kizito kuliko vingine, vingine vikabaki kukingoja, na mwendo wa mashine nzima ukawa mwendo wa kile kizito. Mtu wa Mombasa anaijua hali hiyo bila kufunzwa: uwe na Probox au Prado, ukifika Likoni utavuka feri itakapovuka. Pesa ulizoongeza kwenye injini hazikusaidii kitu pale.

Naeleza jambo hili kwa sababu vijana wengi wa huku Pwani wanaotaka kompyuta ya gemu huanza na swali moja: kadi gani ya grafiki, ile inayochora picha, ni kali? Swali hilo peke yake halijibiki. Kali ikikaa na prosesa gani (kipuri cha kufanya hesabu), kwenye skrini gani, kwa gemu gani? Mwenye pesa nyingi anaweza kununua kila kitu cha juu na asihisi hasara. Lakini aliyejikusanyia elfu hamsini au sitini kidogo kidogo, kila shilingi iliyokwenda kwa kipuri kinachongoja wenzake ni shilingi iliyolala.

Kwanza tukubaliane kwamba hakuna kompyuta isiyo na botoneki. Kila mashine ina kipuri kinachofika mwisho wa nguvu zake kabla ya vingine. Kazi yako ni kuamua kiwe kipi. Kwa gemu, afadhali kiwe kadi ya grafiki, kwa sababu kadi ikielemewa unaweza kuipunguzia mzigo kwenye mipangilio: ukashusha vivuli, ukashusha ubora wa maji na majani, mchezo ukaendelea. Prosesa ikielemewa huna mengi ya kupunguza, na picha husitasita, mara nyingi pale pale adui anapotokea.

Tuangalie kinachofanyika ndani. Gemu ni mfululizo wa picha, na kila picha huitwa fremu. Prosesa ndiyo inayotangulia kuhesabu: mpira uko wapi, beki amekimbilia upande gani, risasi imempata nani. Ikimaliza, huikabidhi kadi ya grafiki orodha ya vitu vya kuchora, na kadi inapochora, prosesa huwa imeshashika hesabu ya fremu inayofuata. Zinakwenda sambamba, kwa hivyo inayochelewa ndiyo inayoamua. Ukitaka fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inatakiwa iwe tayari ndani ya milisekunde 16.7. Sasa chukua prosesa inayomaliza sehemu yake kwa milisekunde 20, na kadi inayochora kwa milisekunde 8. Utapata fremu 50, basi. Uza kadi hiyo, nunua nyingine inayochora kwa milisekunde 4: bado ni 50. Lakini ukibadilisha prosesa, ukapata inayohesabu kwa milisekunde 12, unaruka hadi fremu 83 bila kuigusa kadi.

Mzigo wa kadi hubadilika sana kulingana na skrini. Skrini ya 1366 kwa 768 ina pikseli 1,049,088. Ya 1920 kwa 1080 ina 2,073,600, karibu mara mbili, na kadi ndiyo inayozichora zote. Prosesa haiongezewi kazi kubwa hapo, maana idadi ya wachezaji uwanjani ni ileile. Ndiyo sababu mashine moja inaweza kubanwa na prosesa kwenye skrini ndogo, na ikabanwa na kadi kwenye skrini kubwa. Gemu nazo hazifanani: Valorant na Counter-Strike 2 huisukuma prosesa zaidi, na zile za mji mzima wenye magari na majengo yaliyopambwa huielemea kadi. Anayekwambia prosesa fulani na kadi fulani haziendani, bila kukuuliza skrini yako na gemu zako, anakisia. Vikokotoo vya mtandaoni vinavyotoa asilimia ya botoneki navyo vinakisia vivyo hivyo. Mimi sivitegemei.

Kipimo cha kweli unacho mwenyewe nyumbani. Fungua programu ya kuonyesha matumizi ya vipuri huku ukicheza, MSI Afterburner kwa mfano, ambayo ni ya bure. Kadi ikisoma asilimia 97 hadi 99, botoneki ni kadi na mambo yako sawa. Ikisoma 50 au 60 na fremu bado ni chache, kuna kitu kinaicheleweshea kazi. Kisha shusha ukubwa wa picha, yaani idadi ya pikseli (resolution), kwenye mipangilio ya gemu. Fremu zikipanda, kadi ndiyo iliyokuwa ikielemewa. Zisipopanda, tafuta kwengine.

Kijana mmoja jirani yetu Kisauni alikuwa na kompyuta ya ofisi ya mtumba, yenye prosesa ya Core i5-3470 ya mwaka 2012, yenye viini vinne (sehemu za kuhesabia) na RAM, yaani kumbukumbu ya kazi, ya aina ya zamani ya DDR3. Akabadilisha paua saplai, kipuri kinachogawa umeme, akatafuta kadi ya RX 6600 na kuitia humo. Skrini yake ilikuwa ile ndogo ya 1366 kwa 768. Tulipowasha gemu tukaona prosesa iko juu kabisa na kadi haifiki nusu. Nikampandishia mipangilio yote ya picha mpaka mwisho, na fremu hazikushuka hata kidogo. Alifurahi picha zimependeza, kumbe hiyo ndiyo dalili yenyewe: kadi ilikuwa imekaa bure. Kwa pesa zilezile angeweza kupata kadi ya chini kidogo na prosesa mpya zaidi, akapata mchezo laini.

Mtumba wa ofisi wenyewe sina ubaya nao. Kwa bajeti ndogo ni njia nzuri, ila chagua kizazi. Mashine yenye Core i5-8500 ya mwaka 2018 ina viini sita na inakubalika rasmi kwa Windows 11, kitu ambacho za kizazi cha tatu au cha nne hazina. Ukiipata, usikimbilie kadi kubwa, kwa sababu paua saplai za mashine hizi ni ndogo, na nyingi zina plagi za kampuni yenyewe ambazo si rahisi kubadilisha kwa ya dukani. Tundu la kadi kwenye ubao mama, ule unaobeba vipuri vyote, linatoa hadi wati 75. Aina nyingi za kadi ya GTX 1650 huishi ndani ya wati hizo bila waya wa ziada, nazo hufaa sana hapo. Pima na kimo cha kasha kwanza: yale makasha membamba hukubali kadi fupi tu.

Ukiunda mwanzo hadi mwisho, zisome herufi zilizo mwisho wa jina la prosesa, maana zimeponza wengi. Core i3-12100F, yenye viini vinne na nyuzi nane (kazi inazoweza kushika kwa wakati mmoja), ni prosesa nzuri ya bajeti, lakini F ina maana haina grafiki ya ndani. Bila kadi, skrini itabaki nyeusi. Ryzen 5 5600G ni kinyume: G inakwambia grafiki imo ndani, kwa hivyo unaweza kuanza kucheza gemu nyepesi leo, na kadi ukainunua baadaye mambo yakinyooka. Kwa anayejenga kwa awamu, mimi huipendekeza hii. Ijue tu kasoro yake: ina keshi (kumbukumbu ndogo ya haraka ndani ya prosesa) ya megabaiti 16 badala ya 32 zilizo kwenye Ryzen 5 5600 ya kawaida, na njia yake ya kwenda kwa kadi ni PCIe 3.0 badala ya 4.0.

Hiyo PCIe ni botoneki iliyojificha, na wauzaji hawaitaji. Ndiyo njia ya data kati ya prosesa na kadi. Kila mstari wa PCIe 3.0 hupitisha takriban gigabaiti moja kwa sekunde, wa 4.0 gigabaiti mbili. Kadi nyingi hutumia mistari 16 au 8 na haziumii. Lakini kadi za RX 6400 na RX 6500 XT zina mistari minne tu. Kwenye ubao wa 4.0 zinajikokota vizuri. Kwenye ubao wa 3.0 njia inakuwa nusu, na kwa sababu kumbukumbu yao ya gigabaiti 4 hujaa upesi, zinalazimika kuazima RAM ya kompyuta kupitia njia hiyo hiyo nyembamba. Mchezo unaanza kukatika. Ukiziona zimeshushwa bei, uliza ubao wako ni wa ngapi kabla hujatoa pesa.

RAM nayo ina siri yake. Kijiti kimoja cha gigabaiti 16 na vijiti viwili vya 8 vinaonekana sawa kwenye risiti, ila havifanyi kazi sawa. Kijiti kimoja cha DDR4-3200 hupitisha gigabaiti 25.6 kwa sekunde. Viwili vikikaa kwenye matundu yake sahihi hupitisha 51.2. Kwa mwenye kadi kubwa tofauti hiyo si ya kutisha. Kwa mwenye 5600G asiye na kadi, ni kubwa mno, kwa sababu grafiki ya ndani haina kumbukumbu yake na inategemea RAM hiyo hiyo. Nunua viwili, na kwenye ubao wenye matundu manne angalia kitabu chake kinasema uvitie wapi. Mara nyingi ni la pili na la nne kutoka kwa prosesa.

SSD, hifadhi ya haraka ya kuwekea gemu, haiongezi fremu. Inaondoa kungoja gemu ifunguke na kusita kwa mji unapopakiwa ukiwa kwenye gari, na hilo linatosha kuinunua.

Sasa paua saplai, ambayo ndiyo watu hupenda kubania. Yale makasha yanayouzwa na paua saplai ndani yake, yenye karatasi iliyoandikwa wati 500 kwa herufi kubwa, yageuze usome jedwali dogo chini yake. Tafuta safu ya volti 12, kwa sababu prosesa na kadi hula hapo. Ukiona ampea 18, zidisha: 12 mara 18 ni wati 216. Hizo ndizo wati zako, zile 500 zisahau. RX 6600 peke yake imepangiwa wati 132, prosesa 65, na zote huwa na michomo ya ghafla juu ya hapo. Mashine itazima katikati ya mechi na utailaumu kadi. Na hapa kwetu stima hupotea na kurudi kwa kishindo, kwa hivyo paua saplai ya jina, yenye ulinzi wa kweli, naihesabu kuwa kipuri cha gemu sawa na kadi. Ukiweza, weka na stabilaiza au UPS, ile betri ya kushikilia stima ikipotea.

La mwisho ni joto, na hapa Mombasa haifanani na maelezo mengi unayoyaona, ambayo huandikwa na watu wa nchi za baridi. Feni haiwezi kukipoza kitu kikawa baridi kuliko chumba. Inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya kipuri na hewa iliyopo. Prosesa inayokaa digrii 55 juu ya joto la chumba itasoma 77 kwenye chumba cha digrii 22. Ndani ya chumba cha Majengo wakati wa kaskazi, dirisha limefungwa na hewa imefika digrii 33, prosesa ileile inasoma 88. Prosesa nyingi za Intel na AMD hujipunguza kasi zenyewe zikikaribia digrii 95 au 100, na kadi nyingi hufanya hivyo mapema zaidi. Hapo umelipia kasi ambayo hewa inakunyima. Kwa hivyo kasha lenye wavu mbele, feni mbili za kuingiza hewa na moja ya kuitoa, nalipendelea kuliko lile la kioo kitupu lenye taa za rangi, hata kama la kioo linapendeza kwenye picha.

Hewa ya bahari ina chumvi na unyevu, na vumbi likichanganyika nayo huganda kwenye mapezi ya kipoza mpaka feni inazunguka bila kupitisha kitu. Lisafishe kasha kila baada ya miezi michache. Meno ya RAM nayo hushika uchafu mwembamba usioonekana. Mafundi wengi mashine ikikataa kuwaka huyasugua kwa raba ya shule kabla ya kukisia lolote jingine, na mara nyingi inawaka. Kwenye mtumba, ondoa kipoza cha prosesa ubadilishe pesti inayopitisha joto kati yake na prosesa. Ile ya zamani huwa imekauka kama chokaa.

Ukishaunda na bado huridhiki, kabla ya kuagiza chochote kutoka Nairobi fungua ubavu wa kasha, elekeza feni ya meza ndani, cheza nusu saa, ulinganishe fremu. Zikipanda, botoneki yako ni hewa, na feni mbili za kasha zitakufaa zaidi ya kadi mpya. Zisipopanda, rudi kwenye kile kipimo cha kushusha ukubwa wa picha, kitakwambia pesa inayofuata iende kwa prosesa au kwa kadi.