Gari yako ya Japani haipiti Bahari Nyekundu

Jamani, kila gari ikichelewa kufika Dar au Mombasa mtu anaambiwa "ni Wahuthi hao, njia imefungwa", yaani wale wapiganaji wa Yemen walioshambulia meli Bahari Nyekundu. Hebu fungua ramani. Meli ikitoka Yokohama inashuka mpaka Singapore, inapita mlango wa Malacca, halafu inakata Bahari ya Hindi mpaka kwetu, mfereji wa Suez, unaoingia Bahari Nyekundu, uko huko juu Misri, hauhusiki kabisa. Anayeguswa moja kwa moja ni yule anayeagiza mzigo Uingereza au Ubelgiji, tangu mwishoni mwa 2023 meli nyingi za huko zilianza kuzunguka kule chini Afrika Kusini, na siku kadhaa zinaongezeka.

Sisemi Asia haijaguswa. Safari ikiwa ndefu inakula meli nyingi na kontena zinakaa majini muda mrefu, ndio maana 2024 nauli za kontena kutoka China zilipanda hata kwa njia isiyosogelea Suez. Ila hapo shida ni nafasi, sio njia kufungwa.

Ajenti akikuletea hiyo stori muombe jina la meli uicheki mtandaoni, unaweza kuikuta imetia nanga hapo nje inasubiri gati, au (hii inauma) gari lenyewe hata halijapakiwa.