Muujiza Usioamua Mechi: Nguvu ya Field of Dreams

Filamu nyingi za michezo zenye maajabu huharibikia mahali pamoja: dakika ya mwisho muujiza unaingia uwanjani na kushinda mechi. Watazamaji hushangilia, lakini wasiwasi wote uliojengwa tangu mwanzo unakwenda bure, maana mchezaji hakuyahitaji mazoezi yake. Field of Dreams ya mwaka 1989, iliyoongozwa na Phil Alden Robinson, haina hata mechi ya kuwania kombe. Muujiza wake unawapa watu nafasi waliyoikosa, basi. Wanavyoitumia ni juu yao.

Mkulima wa Iowa, Ray Kinsella, anasikia sauti katikati ya mahindi, anafyeka sehemu ya shamba na kujenga uwanja wa besiboli ilhali benki inamdai. Kutoka kwenye mahindi anatokea Shoeless Joe Jackson, nyota wa besiboli aliyekwisha kufa zamani, kisha wenzake wa timu ya Chicago White Sox waliofungiwa maisha mwaka 1921 kwa kashfa ya fainali za 1919, walizodaiwa kupokea rushwa ili wapoteze. Walifungiwa ingawa baraza la mahakama lilikuwa limewaona hawana hatia. Jeraha hilo ni la kweli katika historia ya Marekani, kwa hiyo muujiza unapata kitu cha kutibu.

Sheria za maajabu haya ni chache, na filamu haisimami kuzihutubia. Joe anapokaribishwa nyumbani anajibu kwamba hadhani kama anaweza. Maneno machache tu, yanapita haraka, lakini yanadokeza kwamba uwanja una mpaka. Shemeji yake Ray naye hawaoni wachezaji kabisa. Mambo haya mawili yanalipa baadaye, kwa Archibald Graham. Graham aliishi kweli: alicheza mechi moja ya ligi kuu mwaka 1905, akiwa na New York Giants, bila kupata zamu ya kupiga mpira, kisha akawa daktari huko Chisholm, Minnesota. (Filamu imeisogeza mechi hiyo hadi 1922.) Uwanjani kwa Ray anarudi akiwa kijana na hatimaye anapiga. Halafu binti wa Ray anakabwa na chakula. Graham anavuka mpaka wa uwanja, papo hapo anakuwa mzee, anamwokoa mtoto, na hawezi tena kurudi ujanani. Shemeji anaanza kuona. Ondoa lile jibu la Joe, na kuvuka huku kunabaki mbinu ya kamera tu. Kwangu hapa ndipo penye moyo wa filamu: muujiza unadai gharama, na anayeilipa amechagua mwenyewe.

Kinachofanya tuamini ni vitu vya kushikika. Uwanja ulijengwa kwenye shamba halisi karibu na Dyersville, Iowa, kiangazi cha 1988, mwaka wa ukame mkali, ikabidi mahindi yamwagiliwe. Mahindi ya kimo cha magoti yangeua kila tukio la wachezaji kutoweka ndani yake.

Waigaji wa filamu hii hukimbilia mwendo wa polepole. Ukirekodi fremu (picha moja moja) 120 kwa sekunde na kuonyesha kwa 24, sekunde moja inakuwa tano, na kamera inadai mwanga takriban mara tano zaidi. Tatizo kubwa ni mdundo wa hadithi: kila mpira ukiwa mzito namna hiyo, hakuna unaobaki wa pekee. Chagua mmoja.

Robinson anamalizia kwa tendo dogo kuliko yote ya mchezo huu, baba na mwana kurushiana mpira: Ray na baba yake, aliyetokea uwanjani akiwa kijana. Ray alikataa kufanya hivyo akiwa kijana, akaondoka nyumbani kwa maneno mabaya, baba akafa kabla hawajapatana. Hakuna anayehesabu pointi, na watu wazima hulia hapo.

Wapenzi wa besiboli wana lawama moja ya haki: Jackson halisi alipiga kwa mkono wa kushoto, ilhali Ray Liotta, mwigizaji anayemwigiza, anapiga kwa wa kulia. Ni kosa la wazi, lakini haligusi sheria yoyote ya muujiza, ndiyo maana hadithi inasimama bila kutetereka.