"Themselves" si "each other"

MC wa harusi anashika maiki: "They love themselves so much!" Ukumbi unalipuka kwa vigelegele. Kwa Kiswahili amesema maharusi wanajipenda sana, yaani tukimwonea huruma, ni watanashati. Alitaka kusema wanapendana: "They love each other."

Viwakilishi vya kutendana katika Kiingereza ni viwili, "each other" na "one another". Hutumika pale A anapomtenda B, na B akamtenda A vilevile. Maana yake imeishia hapo.

Kinachokera ni kwamba kwa Kiswahili hakuna anayechanganya wamejiumiza na wameumizana. Kazi yote inamalizwa ndani ya kitenzi: -ji- mbele ya mzizi, -an- nyuma yake. Kiingereza hakina viambishi hivyo, kinategemea neno la pembeni, na msemaji anadaka la kwanza linalomjia. Basi kitamke kitenzi kwa Kiswahili kwanza. Ikija -ji-, andika "themselves". Ikija -ana, andika "each other" au usiandike kitu. Walikutana ni "They met", wameachana ni "They separated". Vitenzi hivyo vina kutendana ndani yake tayari.

Asili ya neno inaeleza makosa mengine. Zamani "each" na "other" yalikaa mbalimbali, la kwanza mtenda, la pili mtendwa, kama tunavyosema kila mmoja kwa mwenzake: "each to other". Maneno yalipogandana, kihusishi kilihamia mbele, "to each other", lakini hakikufutwa. Kwa hiyo "They talked each other" ina pengo. "Talk" bado inadai "to". Na kwa kuwa "other" hapo ni umoja, umiliki ni "each other's phones", kamwe si "each others' phones". "Eachother" kama neno moja halipo.

Ile kanuni kwamba "each other" ni ya wawili na "one another" ni ya watatu kuendelea, inayowakatisha wanafunzi maksi, mwanasarufi Henry Fowler aliikataa tangu 1926. "One another" ina urasmi kidogo zaidi, tofauti ya maana hakuna.

Mtego wa mwisho ni wetu wenyewe. Kiswahili kinaruhusu kauli ya kutendana yenye mtenda mmoja, mradi "na" ifuate: nilionana na mwalimu, Juma anagombana na Ali. "Each other" haikubali hilo, lazima wahusika wote wawe upande wa mtenda. Anayeandika "I saw each other with the teacher" ametafsiri -ana kwa uaminifu, ila hapo Kiingereza kinataka "I met the teacher" tu, na Juma "is quarrelling with Ali".