Splash si chubwi: maneno ya Kiingereza yanayoiga sauti

Tunaposema jiwe limetumbukia majini chubwi, kazi yote imefanywa na kitenzi. Ukiiondoa hiyo chubwi, sentensi bado imesimama. Kiingereza kwa kawaida hulifanya neno la sauti kuwa ndilo kitenzi: The stone splashed into the water. Hapo splashed imebeba mlio na tendo kwa pamoja, na into inaonyesha jiwe limeelekea wapi. Anayeandika The stone fell splash amehamisha tanakali yetu ya sauti jinsi ilivyo, na sentensi yake inasomeka kama hadithi ya watoto wadogo.

Kwa kuwa ni vitenzi, hunyambuliwa kama vitenzi vingine. Hum na drip hurudia konsonanti ya mwisho: hummed, dripped. Buzz na hiss huchukua es: buzzes, hisses. Inayowaponyoka wengi ni ring, ambayo huwa rang, kisha rung. Ringed nayo ipo, ila maana yake ni kuzungushiwa duara! Neno likitumika kama nomino, usiiache a: The door closed with a bang.

Sauti za ndani ya neno nazo zina kazi. Clink ni bilauri mbili zikigusana. Clank ni mnyororo wa chuma. Clunk ni kitu kizito, mlio wake mzito na uliofifia. Irabu imebadilika tu, na uzito umebadilika nayo. Mwishoni mwa neno, p na k hukata sauti ghafla (tap, click), ng huiacha ikivuma (clang), na sh huitawanya (crash, swish). Usiifanye sheria lakini: dish inaishia na sh na haiigi chochote. Katika maneno pacha, i hutangulia: tick-tock, ding-dong, kamwe si tock-tick.

Kwa wanyama, tenganisha mlio na kitenzi chake. Mbwa husema woof, ila kwenye ripoti andika The dog barked.

Halafu kuna maneno yaliyokwisha kuiacha sauti. Zip ilikuwa mlio wa kitu kinachopita kasi. Leo sisi wenyewe tunafunga zipu. Ukisoma The computer crashed, kompyuta haikuanguka wala kutoa kishindo, programu imekwama tu. Na It finally clicked ni mtu aliyeelewa jambo baada ya kuhangaika nalo.