Amri za Gumzo: Jinsi Boti Mwenyeji wa Michezo Inavyoendeshwa

Amri ya gumzo ni mstari mfupi unaoandikwa palepale wachezaji wanapopiga soga, ila anayeusoma na kuufanyia kazi ni programu. Programu hiyo, boti mwenyeji, huingia mtandaoni kwa akaunti yake kama mchezaji mwingine yeyote. Hufungua mchezo, hupokea wanaojiunga, huwapanga kwenye nafasi, huanzisha pambano na kufunga kila kitu mambo yakiisha. Haina kitufe hata kimoja ambacho mchezaji anaweza kukibofya. Ukitaka itende jambo, unaiandikia kwenye gumzo. Andika !start, na kama una mamlaka, hesabu ya kuanza inaanza kushuka mbele ya watu wote.

Mfano unaoieleza dhana hii vizuri kuliko yote ni Warcraft III. Mchezo huo ulitoka mwaka 2002, nyongeza yake The Frozen Throne ikafuata mwaka 2003, na ulikuja na zana ya kutengenezea ramani, yaani viwanja vya kuchezea. Wachezaji wakajitengenezea ramani nyingi mno, mojawapo ikiwa DotA ya timu mbili za watu watano watano. Huduma ya Battle.net iliwakutanisha watu na kuwaonyesha orodha ya michezo iliyo wazi, lakini mapambano ya ramani hizo hayakupita kwenye seva zake. Kompyuta ya mchezaji mmoja ndiyo iliyokuwa mwenyeji, na wengine wote waliunganishwa nayo moja kwa moja.

Taabu ilianzia hapo. Mwenyeji alipaswa kufungua poti 6112, yaani mlango wa mawasiliano, kwenye ruta yake, kazi ambayo wengi hawakujua hata pa kuianzia. Intaneti yake ikiwa dhaifu, chumba kizima kinaumia. Ilimbidi akae mbele ya skrini akisubiri nafasi zijae, akimtoa huyu na kumhamisha yule. Tena alikuwa na upendeleo ambao hakuuomba: vitendo vyake ndani ya mchezo havikuwa na safari ya kufika kwa mwenyeji, kwa kuwa mwenyeji ni yeye mwenyewe, ilhali vya wenzake vilisafiri kwanza hadi kwake. GHost++, boti ya msimbo huria iliyoandikwa kwa lugha ya C++, iliichukua kazi hiyo. Inakaa kwenye seva yenye intaneti nzuri na kila mchezaji anaunganishwa nayo kutoka mbali, hakuna mwenye upendeleo wa mwenyeji.

Wengi hudhani boti kama hii inauendesha mchezo wenyewe. Haiuendeshi. Katika Warcraft III kila kompyuta hulikokotoa pambano zima peke yake, na zote hufikia matokeo yaleyale kwa sababu zimepewa vitendo vilevile kwa mpangilio uleule. Kazi ya mwenyeji ni kukusanya vitendo vya kila mtu na kuvisambaza kwa wote, kama karani wa posta anayepanga barua bila kuzifungua. Ndiyo maana kompyuta moja ya kawaida inaweza kubeba michezo kadhaa kwa wakati mmoja bila kuchora hata jani la mti. Hata takwimu za DotA ambazo boti huzihifadhi, kwa mfano nani ameua mara ngapi, huzipata kwa sababu ramani yenyewe imeandikwa izitume pamoja na vitendo vya wachezaji.

Sasa tuitazame amri yenyewe. Inaanza na alama, mara nyingi alama ya mshangao, kisha neno la amri, kisha maelezo yake kama yanahitajika. Katika !swap 2 7, alama inaiambia boti kwamba mstari huu ni wake, neno linasema badilisha, na namba mbili zinataja nafasi za kubadilishana. Alama si pambo. Bila hiyo, mtu akimuuliza mwenzake kama waanze, boti ingeweza kudhani imeagizwa. Mwenye boti huichagua alama hiyo kwenye faili la mipangilio, na boti mbili zikiwa kwenye chaneli moja ni busara kila moja ipewe alama yake, la sivyo zote mbili zitaitika kwa pamoja.

Amri pia hutegemea mahali. Ukiwa nje, kwenye chaneli ya Battle.net au kwa ujumbe wa faragha kwa boti, unaandika !pub ukifuatisha jina la mchezo, na boti inafungua mchezo ulio wazi kwa wote; !priv hufungua wa faragha, na !unhost huufuta kabla haujaanza. Ukishaingia kwenye chumba cha kusubiri, orodha ya amri inabadilika, na pambano likianza inabadilika tena. Kumwagiza mtu ahamie nafasi nyingine katikati ya pambano hakuna maana, hivyo !swap inakuwa haina kazi.

Chumba cha kusubiri ndipo amri hutumika zaidi. !hold ukifuatisha jina humwekea mtu nafasi kabla hajafika, jambo la thamani kubwa pale marafiki watano wanapotaka kucheza timu moja na umma unagombania mlango. !open na !close hufungua na kufunga nafasi kwa namba. !sp huwachanganya wachezaji upya bila mpangilio, dawa nzuri ya ubishi kuhusu nani awe upande gani. !ping huonyesha muda ambao ujumbe unatumia kwenda na kurudi kwa kila mchezaji, kwa milisekunde. Ukiongeza namba, kwa mfano !ping 200, boti inawatoa wote wanaozidi kiwango hicho isipokuwa waliowekewa nafasi. Ni amri kali. Anayeitumia vizuri huitanguliza !ping tupu, akasoma namba, ndipo akaamua.

Katika !kick kuna jambo dogo ambalo naliona ni la ustadi. Huhitaji kuandika jina zima, kipande chake kinatosha. Lakini kipande hicho kikilingana na watu wawili, boti haikisii. Inakataa na kusema imepata zaidi ya mmoja. Programu inayotekeleza maagizo ya watu wenye haraka inapaswa kuwa hivyo: ikikosa uhakika wa nani anayetajwa, isimguse yeyote.

!start nayo ina tahadhari zake. Kabla ya kuanza hesabu, boti inaangalia kama kila mchezaji ameshapimwa kasi angalau mara tatu na kama wote wamemaliza kupakua ramani, na ikiona kasoro inawataja wahusika kwa majina. Ipo !start force kwa asiyetaka kusubiri. Kuilazimisha wakati mtu bado anapakua ni kumwacha nje na kuiharibu timu yake kabla pambano halijaanza, na sioni sababu njema ya kufanya hivyo.

Pambano likiendelea, amri mbili zinastahili kueleweka kwa undani kwa sababu zinagusa mwendo wa mchezo. !latency huweka muda ambao boti inakusanya vitendo kabla ya kuvisambaza. Battle.net yenyewe ilitumia milisekunde 250. GHost++ huanzia 100, na amri hii inaruhusu kati ya 20 na 500. Muda mfupi hufanya mashujaa waitike upesi, lakini mwenye intaneti inayoyumba anaanza kukwama. !synclimit nayo huamua mchezaji aachwe nyuma kwa vifurushi vingapi vya vitendo hivyo kabla mchezo haujasimama kumsubiri. Kikomo cha kawaida ni 50, na kwa kifurushi kimoja kila milisekunde 100, hiyo ni kama sekunde tano za kubaki nyuma. Ndiyo maana ukishusha !latency bila kugusa !synclimit, unapunguza pia uvumilivu wa boti kwa wanaosuasua. Mchezo ukisimama na mtu harudi, !drop humwondoa ili wengine waendelee.

Hadi hapa nimesema "andika hivi na boti itafanya vile", na hilo ni nusu tu ya dhana. Gumzo liko wazi kwa kila mtu. Boti inausoma mstari wa msimamizi na wa mgeni aliyeingia sasa hivi kwa njia ileile, kwa hiyo swali linalobeba mfumo mzima ni moja: nani amesema? Kwa maoni yangu anayejifunza kuendesha boti aanze na swali hilo kabla hajakariri orodha ya amri.

GHost++ hugawa mamlaka kwa ngazi. Juu kuna wasimamizi wakuu walioandikwa kwenye faili la mipangilio, ambao wanaweza kuongeza wasimamizi wengine au kuizima boti kabisa. Chini yao kuna wasimamizi wa kawaida waliohifadhiwa kwenye hifadhidata. Kisha kuna mmiliki wa mchezo, yaani aliyeuomba ufunguliwe, mwenye nguvu ndani ya mchezo huo tu. Waliobaki wana amri chache zisizomdhuru mtu, kama !checkme na !stats, za kutazama taarifa na takwimu. Mmiliki akiandika !lock, hata msimamizi wa kawaida anazuiwa kuingilia chumba chake mpaka atakapokifungua. Wasimamizi wakuu pekee ndio wanaopita.

Ngazi hizo hazina maana kama jina linaweza kuibwa, na katika Warcraft III liliweza. Mchezaji anapounganishwa na mwenyeji, kompyuta yake ndiyo inayotaja jina, na muunganisho huo haupiti Battle.net. Mwenye nia mbaya angejitambulisha kwa jina la msimamizi na kuanza kutimua watu. Suluhisho lake ni rahisi na la akili: boti inamtaka mchezaji aitumie ujumbe wa faragha kupitia Battle.net, kwa kuandika /w, jina la boti, kisha sc. Battle.net tayari imethibitisha nenosiri la akaunti hiyo, kwa hiyo ujumbe ukifika kwa jina lilelile, boti inajua anayezungumza ndani ya chumba ndiye mwenyewe. Kabla ya hapo, hata msimamizi halisi anaandika amri na hazitekelezwi. Wengi hulalamika kwamba boti imeharibika kumbe inasubiri uthibitisho huo.

Na pale ambapo hakuna mwenye mamlaka chumbani? Hapo inakuja kura. Mchezaji wa kawaida anaandika !votekick na jina, wenzake wanaoafiki wanaandika !yes, na kura zikifika asilimia iliyowekwa na mwenye boti, mtajwa anatoka. SPADS, boti mwenyeji inayotumika katika michezo ya injini ya Spring na katika Beyond All Reason, imelipeleka wazo hili mbali zaidi. Kila amri inaweza kupewa viwango viwili: kiwango cha anayeweza kuitekeleza papo hapo, na kiwango cha anayeweza kuiitishia kura. Asiye na mamlaka ya kubadilisha ramani anapendekeza, wengine wanaandika !vote y au !vote n, na chumba kinaamua. Naupenda mpangilio huu kwa sababu hauwaachi watu wakimsubiri msimamizi aliyelala.

Katika osu!, mchezo wa kufuata mdundo wa muziki, sura ni nyingine. Huko boti ni ya huduma yenyewe, inaitwa BanchoBot, na amri zake za vyumba zinatanguliwa na !mp. Mwamuzi wa mashindano anaandika !mp make na jina la mechi, anaalika wachezaji kwa !mp invite, anachagua wimbo kwa !mp map na namba yake, anafunga nafasi kwa !mp lock ili mtu asihamehame, kisha !mp start 10 huanza pambano baada ya sekunde kumi. Kuna !mp abort mambo yakienda kombo. Mwamuzi anaweza kuyafanya haya yote kupitia IRC, mfumo wa gumzo la maandishi, bila kuufungua mchezo wenyewe, na kumwongeza mwamuzi mwenzake kwa !mp addref.

Mtindo wa alama ya mshangao umeanza kuachia nafasi kwenye baadhi ya majukwaa. Katika Discord, boti nyingi sasa hutumia amri za mkwaju: unaandika /, orodha inajitokeza, unachagua na kujaza visanduku. Faida yake ni kwamba boti haihitaji tena kusoma kila mazungumzo ya watu ili kutafuta amri yake; jukwaa lenyewe linaikabidhi amri pamoja na utambulisho wa aliyeitoa. Kilichopungua ni kule kujifunza kwa kutazama. Mgeni aliyekaa kwenye chumba cha Warcraft III kwa michezo michache aliondoka na nusu ya amri kichwani, maana aliziona zikiandikwa mbele yake na matokeo yakatokea hapohapo.

Jambo moja huwachanganya wapya katika GHost++, nalo ni nani anaonekana akizungumza. Boti si mchezaji, hivyo ili iweze kusema kitu chumbani hujiwekea mchezaji wa bandia. Chumba kikijaa au pambano likianza, mchezaji huyo huondolewa, na kuanzia hapo maneno ya boti hutoka kwa jina la mtu aliyemo, mara nyingi mmiliki wa mchezo. Ukiona mmiliki anataja takwimu zako neno kwa neno kama mashine, ni boti inayokujibu.

Ukiandika amri na kimya kikatanda, anza na !version, ambayo ndani ya chumba haihitaji mamlaka yoyote. Ikijibu, boti inakusikia na tatizo ni ngazi yako, uthibitisho wa jina au !lock ya mmiliki. Isipojibu, angalia alama unayoitumia.